Daftari la Vyumba Vitupu: Hotuba kwa Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Nakuru

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu wa kazi hii, wenzangu mawakala wa nyumba na ardhi wa Nakuru, Naivasha, Njoro na Molo, pamoja nanyi mliodamka alfajiri mkapanda matatu kutoka Kisumu na Kericho ili mfike hapa kabla ya saa tatu: nawasalimu nyote, na nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumze juu ya faida anayoweza kuipata wakala wa nyumba anaposhiriki katika kazi za hisani za mtaa wake. Waandalizi wangeweza kuniomba niseme juu ya wema tu, lakini waliandika neno "faida" waziwazi, nami sitalionea haya. Tunaishi kwa komisheni. Mwezi usiokuwa na nyumba iliyopangishwa wala shamba lililouzwa ni mwezi ambao wakala anahangaikia kodi ya ofisi yake mwenyewe, na mtu wa namna hiyo akiambiwa ajitolee ana haki ya kuuliza atapata nini. Jibu langu ni kwamba atapata kitu kikubwa, ila hatakipata mahali ambapo wengi wetu tunakitafuta, na akikitafuta kwa pupa atakosa chote.

Tukubaliane kwanza kuhusu hali ya jina letu. Mtu akitamka neno dalali katika mji huu, anayesikia hushika mfuko wake. Kila mmoja wetu amesikia kisa cha mwanafunzi aliyeona picha za chumba cha Kiamunyi kwenye simu, akatuma pesa za kuonyeshwa nyumba, na alipofika akakuta kwamba picha zile ni za jengo la mji mwingine na simu imezimwa. Kila mmoja wetu amekutana na mzee anayeshikilia makaratasi ya ploti ya futi hamsini kwa mia ambayo watu wengine wawili wana makaratasi yake pia. Bunge lilitunga Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, mwaka wa 1984, na Bodi ya Usajili ikawekwa ili asiyesajiliwa asiifanye kazi hii. Lakini niambieni, ni wateja wangapi waliowahi kuwaomba cheti cha bodi kabla ya kuwakabidhi dipoziti? Mimi katika miaka kumi na tisa nimeombwa mara mbili, na mmoja wa hao wawili alikuwa wakili. Waliobaki wote huuliza swali moja, tena hawakuulizi wewe. Humwuliza mama mboga aliye karibu na geti, au kinyozi, au mzee wa nyumba kumi: "Huyu mnamjua?"

Biashara yetu imekaa juu ya jibu la swali hilo. Mpangaji hutupa fedha kabla hajalala hata usiku mmoja ndani ya nyumba. Mwenye nyumba, ambaye pengine yuko Qatar au Marekani na amejenga kwa jasho la miaka kumi, hutupa funguo na kodi ya wapangaji ishirini bila kutuona uso. Hakuna tangazo la redio wala ukurasa wa Facebook unaoweza kumjibu mama mboga kwa niaba yako. Yeye atajibu kwa yale aliyokuona ukiyafanya siku ambayo hukuwa unauza chochote.

Mwaka wa 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kuhusu watu waliopata kazi mpya kwa kudokezewa na mtu wanayemfahamu. Alipowauliza walikuwa wakionana na mtu huyo mara ngapi wakati ule, asilimia 16.7 walisema mara nyingi, asilimia 55.6 walisema mara mojamoja, na asilimia 27.8 walisema ni kwa nadra. Sababu yake si ngumu kuiona: rafiki wa kila siku anajua yaleyale unayoyajua, na habari ngeni hutoka kwa mtu aliye mbali kidogo. Granovetter alikuwa akizungumzia ajira, lakini wakala yeyote anayepitia orodha ya wateja wake wa mwaka jana ataona sura hiyohiyo. Ndugu yako ana nyumba moja tu, nawe ulishampangishia. Jengo la ghorofa nne la mtaa wa Section 58 ulilipata kwa mtu mliyekaa naye mara tatu kwenye kamati ya kuchangia matibabu ya jirani. Kazi ya hisani ya mtaa, ukiitazama kwa jicho la mfanyabiashara, ni njia ya kufahamiana na watu mia wa namna hiyo bila kumwuzia hata mmoja wao kitu.

Sasa niwaeleze jinsi nilivyoikosea.

Miaka kadhaa iliyopita, Desemba, niliamua kampuni yangu ndogo itembelee makao ya watoto yaliyo nje kidogo ya mji. Tulinunua marobota ya unga, mafuta ya kupikia na sabuni. Tulishona fulana za njano zenye nembo yetu. Tulitengeneza bango la urefu wa mita tatu, jina langu likiwa juu na nambari ya simu chini, kwa herufi ambazo mtu angezisoma akiwa barabarani ndani ya gari. Watoto walipangwa mbele ya bango hilo, wakasimama juani karibu saa nzima wakimngoja mgeni wa heshima ambaye alikuwa amekwama kwenye msongamano wa magari. Msichana mmoja wa umri wa miaka tisa hivi alikuwa amevuta ukosi wa sweta yake hadi juu ya pua, na mpigapicha akamwamuru aushushe ili uso uonekane. Aliushusha. Picha zikapigwa, zikasambazwa kwenye makundi yote ya WhatsApp niliyokuwa nayo.

Tulipokuwa tukifunga vitu, mlezi wa watoto alinijia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama tungeweza kumwachia bango. Nilifurahi nikidhani ameridhika na ziara. Akasema, "Paa la jiko linavuja, na turubai hiyo inaonekana ni ngumu."

Tulimwachia. Nilipopita pale mwezi wa tatu, jina langu na nambari yangu ya simu vilikuwa vimeelekea chini ndani ya jiko, vikifukizwa moshi wa kuni. Ziara ile haikuniletea mteja hata mmoja. Iliniletea simu sita za watu waliotaka wapelekewe unga.

Wakati ule nilikuwa na mafundi wa paa saba kwenye simu yangu. Nilikuwa na mwenye nyumba aliyekuwa akibomoa mabanda yake ili ajenge ghorofa, na mabati yake yangali mazima, akiyauza kwa bei ya kutupa. Jiko lile lingeezekwa kwa siku moja kwa fedha pungufu ya zile nilizolipia fulana na bango. Mimi, ambaye kazi yangu ni nyumba, nilikwenda mahali ambapo nyumba inavuja nikapeleka unga, kitu ambacho duka lolote lingeweza kupeleka. Aibu hiyo ndiyo iliyonifundisha kanuni ninayoitumia hadi leo: wakala atoe kile ambacho kazi yake inamjulisha na wengine hawakijui.

Na tunajua mengi. Tunajua ni chumba kipi kiko wazi Langa Langa na kimekuwa wazi tangu lini. Tunajua mwenye nyumba gani hukubali kusubiri kodi hadi tarehe kumi na yupi hufunga mlango kwa kufuli tarehe sita. Tunajua fundi asiyeiba waya, tunajua karani wa sajili ya ardhi anayepokea simu, tunajua kusoma hatimiliki na kutambua iliyopikwa. Shirika la hisani lenye magari na ofisi nzuri huenda lisiwe na hata kimoja katika hivyo.

Nitawapa mfano nilioushiriki mwenyewe. Wenyeji wa Nakuru mnajua kwamba maji ya ziwa letu yamekuwa yakipanda tangu mwaka wa 2010 hivi, hata lango kuu la mbuga likalazimika kuhamishwa, na kufikia 2020 maji hayo yalikuwa yameingia katika nyumba na mashamba ya Mwariki na Barut. Mwaka huohuo ndio uliokuwa wa korona: wapangaji wengi waliokosa kazi walirudi mashambani, na daftari langu la vyumba vitupu, ambalo kwa kawaida halizidi kurasa mbili, lilijaa hadi jalada la nyuma. Kanisa moja lilikuwa likiwachangia waliohama, na shemasi aliyekuwa akiratibu kazi hiyo alifika ofisini kwangu. Nilifungua droo nitoe noti. Akanizuia mkono. "Mablanketi tunayo," akasema. "Wewe una nyumba. Tafuta vyumba."

Nikafungua daftari, nikaanza kupiga simu. Sikuwaomba wenye nyumba watoe vyumba bure, kwa sababu najua mikopo yao, na nimewahi kuwaona wenye nyumba wazuri wakichukia hisani kwa kulazimishwa wasichokiweza. Niliwaomba mambo mawili tu: wasidai dipoziti, na miezi miwili ya kwanza wapokee nusu ya kodi, ambayo kanisa lingeilipa moja kwa moja. Wengine walikataa, mmoja kwa maneno ambayo sitayarudia mbele ya wazee. Watano walikubali. Niliwakumbusha jambo ambalo sisi tunalijua na wao hulisahau, kwamba chumba kitupu nacho kinakula fedha: mfereji unang'olewa, soketi zinaibwa, panya wanaingia, na jengo lenye madirisha yasiyo na pazia humtia mpangaji mpya wasiwasi. Jioni ile nilizunguka na funguo zimefungwa kwa vitambaa vya rangi, kila rangi ploti yake, nikifungua milango kwa tochi ya simu kwa kuwa ploti mbili zilikuwa zimekatiwa stima. Mama mmoja aliingia chumbani, akapitisha kiganja sakafuni toka ukuta hadi ukuta, akasema, "Ni kavu." Hakusema kingine.

Nilipata nini? Nitajibu kama mfanyabiashara. Mwaka ule sikupata chochote, na nililipia mafuta ya pikipiki kwa fedha zangu. Mwaka uliofuata wawili kati ya wale wenye nyumba watano walinikabidhi majengo yao mengine niyasimamie, kwa sababu walikuwa wameona jinsi ninavyohesabu fedha ya mtu wa tatu na kuleta risiti bila kuulizwa. Baadhi ya familia zile wangali wapangaji wangu. Shemasi yule, ambaye hadi leo tunaonana labda mara mbili kwa mwaka, amenitumia wateja wengi kuliko tangazo lolote nililowahi kulilipia, wala sijawahi kumwomba. Lakini nawasihi msiige hesabu hii mkiwa na kikokotoo mkononi. Mwenye nyumba hakuniamini kwa sababu nilikuwa mwema. Aliniamini kwa sababu alinitazama nikishika fedha ambazo ningeweza kuzila, mahali ambapo hakuna aliyekuwa ananikagua, nami sikuzila.

Kuna mfano mwingine, nao si wangu. Mwanzoni mwa muongo uliopita mashirika ya Practical Action na Umande Trust yaliendesha mradi wa usafi Rhonda na Kaptembwo, mitaa ambayo ploti moja ingeweza kuwa na familia nyingi zinazotegemea choo kimoja cha shimo. Wakazi wenyewe walitembezwa wakaona kinyesi kinakokwenda, wakazungumza, na wenye nyumba wakahimizwa kujenga vyoo vya kudumu, wengine kwa akiba zao na wengine kwa mikopo ya benki. Naupenda mfano huu kwa sababu unaonyesha kwamba katika mitaa ya kupanga, afya ya watoto imo mikononi mwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba mara nyingi haishi pale. Kati ya mpangaji anayeugua na mwenye nyumba asiyeonekana, ni nani aliye katikati akipokea simu za wote wawili? Ni mimi na wewe. Sikumbuki kumwona wakala mwenzangu hata mmoja kwenye mikutano ile, na nikisema hivyo najihesabu na mimi. Tulikuwa tunajua idadi ya milango kwa kila choo katika ploti tunazozisimamia, tulikuwa na simu za wenye nyumba, na tulikuwa tunajua ni wapangaji wangapi wanahama kila mwaka kwa sababu ya choo tu. Wakala ambaye angempelekea mwenye nyumba hesabu hiyo, yaani miezi aliyokaa bila kodi kwa ajili ya choo kibovu, angesaidia afya ya mtaa na angejisaidia mwenyewe, kwani mpangaji asiyehama ndiye riziki yetu.

Niseme kuhusu ardhi, maana wengi wenu mnauza mashamba kuliko kupangisha. Mnakumbuka Januari 2015, watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walipoandamana kudai uwanja wao uliozungushiwa ukuta, wakarushiwa vitoa machozi. Baada ya hapo Rais aliagiza shule za umma zipewe hatimiliki, lakini agizo ni jambo moja, na kufuata faili kutoka kwa mpimaji hadi sajili ya ardhi ni jambo jingine. Walimu wakuu wengi hawajui waanzie wapi. Sisi njia hiyo tunaipita kila wiki. Wakala anayekubali kukaa kwenye kamati ya shule ya jirani, akaifanyia shule sachi, yaani kupekua rekodi za ardhi yake kwenye sajili, akaonyesha kwamba ramani ina ekari fulani na ua una pungufu, ametoa mchango ambao harambee kumi hazitautoa. Ila ninaweka sharti moja kali, na mnisamehe wale litakaowagusa: ukikaa kwenye kamati ya shule au ya kanisa, usiwe dalali wa ardhi ya shule hiyo wala ya kanisa hilo, wala usimlete mnunuzi wa kipande chake, hata kama bei ni nzuri na kila mtu anakubali. Siku utakapopokea komisheni ya ardhi hiyo, kila ulichowahi kujitolea kitahesabiwa kuwa chambo.

Vivyo hivyo kwa wajane. Kuna kikundi cha akina mama ninachokitembelea mara moja kila baada ya miezi mitatu, Alhamisi alasiri, baada ya mchango wao wa chama. Sipeleki fedha. Nakaa kwenye benchi nao wananiletea makaratasi ndani ya mifuko ya nailoni: barua za ugavi wa ardhi, mikataba iliyoandikwa kwa mkono, ramani zilizokunjwa hadi zikakatika. Nawaeleza kwamba shamba la marehemu haliuzwi kabla mahakama haijathibitisha mirathi, na kwamba anayelinunua kabla ya hapo ananunua kesi. Nawaeleza kwamba saini ya chifu si hatimiliki. Jambo likizidi elimu yangu, namtaja wakili. Siku moja mama mmoja aliniuliza kama shemeji yake alikuwa sahihi kumwambia atie saini "ili faili isogee", na karatasi yenyewe ilikuwa mkataba wa mauzo. Nilimsomea mstari kwa mstari. Hakutia saini. Sikupata komisheni, na kwa kweli mnunuzi yule alikuwa mteja wa wakala ninayemfahamu, ambaye hajanisalimia tangu siku hiyo.

Kuhusu mitego nitapita haraka, kwa kuwa mengi mnayajua.

Picha za watoto si mali yako. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ninapoyasikia hayo humkumbuka yule msichana wa sweta. Piga picha ya paa lililoezekwa.

Mkitaka mchango wenu wa fedha utolewe kwenye mapato kabla ya kodi ya mapato kukadiriwa, upelekeni kwa shirika la hisani lenye cheti cha kusamehewa kodi, mweke risiti. Ukimpa mheshimiwa bahasha kwenye mkutano wa hadhara, KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, haitaitambua, na wapiga kura wa mpinzani wake hawatakusahau. Msikimbilie kuanzisha wakfu wenye jina lenu. Tangu Mei 2024 mashirika ya manufaa ya umma yako chini ya sheria yake, ambayo ilipitishwa 2013 ikakaa miaka kumi na zaidi bila kuanza kutumika, na kulisajili na kuliendesha shirika la namna hiyo ni kazi ya kutwa. Kikundi cha mtaa kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 kinatosha, tena kipo tayari, na kinachokikosa ni mtu anayejua kuweka vitabu.

Na fedha. Dipoziti ya mpangaji isiguswe hata kwa saa moja, hata mtoto awe hospitalini, hata uwe na hakika utairudisha Ijumaa. Na mteja akikuomba upitishe fedha zake kwenye akaunti ya kikundi chenu cha hisani "kama mchango", halafu zitoke kununua ploti, mkatae na uandike. Mawakala wa ardhi na nyumba tumo miongoni mwa wanaotakiwa na sheria ya utakatishaji wa fedha kuwajua wateja wao na kuripoti shughuli za kutiliwa shaka, na tangu Kenya ilipowekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, yaani orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, Februari 2024, macho yamekuwa mengi.

Swali ambalo vijana wa ofisi huniuliza ni muda. Wakala anayeanza hana mafundi saba wala daftari lililojaa, anazunguka kwa miguu kutoka Free Area hadi Pipeline, na Jumamosi ndiyo siku ya kuonyesha nyumba. Kwake nasema achague jambo moja, mtaa mmoja, na asilibadilishe kwa miaka mitatu. Kwenda makao matano ya watoto katika mwaka mmoja ni utalii. Kuhudhuria kikundi kimoja kila mwezi, hata ukiwa mtunza daftari la mahudhurio tu, kunamfanya mama mboga ajue jina lako la nyumbani. Tena kuna faida ambayo sikuitarajia: vijana wangu wawili walijifunza kazi hii vizuri zaidi pale kwenye benchi la akina mama kuliko ofisini, kwa kuwa ofisini walijifunza kuuza, na kwenye benchi walilazimika kumweleza mtu asiye mnunuzi kile kilichoandikwa kwenye karatasi.

Sasa nifikie kilichonileta hasa, na mwenyekiti amekwisha kunionyesha saa.

Leo ni Februari. Masika yataanza mwezi ujao. Katika kaunti hii bwawa la Patel kule Solai lilivunjika tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu zaidi ya 40, na usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 maji yaliporomoka Kamuchiri, Mai Mahiu, yakaua zaidi ya 50. Wenzetu wa Kisumu hawahitaji kuelezwa. Tambarare ya Kano hufurika hata kabla magazeti hayajaiandika. Kila mara mablanketi na unga hupatikana, kwa sababu Wakenya ni watoaji, na kila mara kitu kinachokosekana ifikapo wiki ya pili ni mlango wenye kufuli na ufunguo wake. Familia hulala madarasani hadi shule inapowahitaji wanafunzi wake, na hakuna mtu mwenye orodha ya vyumba vilivyo wazi. Orodha hiyo tunayo sisi, ila imetawanyika katika simu na vitabu vyetu, kila mtu akiificha ya kwake asije mwenzake akamnyang'anya mteja.

Nimeweka daftari kwenye meza ile ya nyuma, karibu na birika la chai. Lina safu nne: mtaa, idadi ya vyumba ambavyo mwenye nyumba amekubali kuvitoa bila dipoziti mvua ikileta maafa, miezi mingapi ya kodi nusu, na jina la wakala. Halina safu ya jina la mwenye nyumba wala ya simu yake; huyo ni mteja wako, abaki kuwa wako, na siku ya haja utapigiwa wewe. Ukurasa wa kwanza nimeujaza mimi: Langa Langa vyumba vitatu, Free Area viwili, Lanet kimoja. Msiandike leo kama hamjazungumza na wenye nyumba. Pigeni simu wakati wa chai. Kalamu nimeifunga kwa uzi, kwa sababu nawajua.